Mbegu Iliyooshwa Mara Saba

Shangazi yangu ana mashine ya kusaga nafaka, na mji mzima unamwita Mama Mashine. Kabla hajamimina mzigo wa mtu, huchukua punje moja akaitia jinoni, akaiuma. Punje ikilia "ka!", imekauka, inasagika. Ikinyamaza, mwenyewe ataambiwa airudishe juani, awe mke wa mkubwa au mke wa mchunga mbuzi. Mimi ni binti wa marehemu kaka yake, nakaa kwake, na sijawahi kuona jino lile likikosea.

Kwa kazi hiyo hakuhitaji redio kujua hali ya nchi. Serikali ya zamani ilipoanguka, wanawake walileta madebe yaliyojaa, maana watu walikuwa na furaha, na furaha inakula. Baadaye madebe yakawa nusu. Wakubwa wapya walitia kufuli ghala la akiba mpaka uhakiki ukamilike, na bwana shamba akaondolewa kwa kosa la kuteuliwa na wale wa zamani. Wa kumrithi hatujamwona mpaka leo.

Katikati ya hayo ndipo walipoamua kuwarudisha wakimbizi. "Rudini nyumbani, nchi imetulia," redio ilisema. Imetulia kweli, hata masufuria yalikuwa yametulia. Baba mdogo, kitinda mimba wa nyumba yao, alirudi kwa lori na mkewe na watoto wanne, baada ya miaka kumi na saba kambini. Shangazi alimkumbatia akalia mpaka kilemba kikamdondoka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Serikali haikungoja ya tatu: jembe alipewa palepale kituoni, pamoja na chakula cha mwezi mmoja na mfuko wa mahindi ya mbegu yaliyopakwa dawa nyekundu, wenye picha ya fuvu. Chakula cha miezi miwili iliyobaki kingefuata, waliambiwa.

Hakikufuata. Ngojangoja huumiza matumbo, na matumbo ya nyumba ile yalikuwa sita. Baba mdogo alilima shamba la baba yao lote, lililokuwa limegeuka pori, akang'oa visiki kwa mikono yake, kisha akabaki kutazama mawingu. Kila alipopita kwetu alisema, "Dada, mvua ikinyesha tu, na mimi nitakuwa mtu."

Asubuhi moja mkewe alikuja mashineni na kikapu kilichofunikwa kitambaa. Alikaa mwisho wa foleni mpaka wengine wakaondoka. Shangazi alifunua, akachukua punje, akaipeleka mdomoni. Mkono ukaishia njiani. Kwenye ncha ya punje kulikuwa na wekundu kidogo, kama wino uliokataa kufutika.

"Wifi, hii si mbegu?"

"Ilikuwa mbegu. Nimeiosha mara saba, nikaianika. Sumu imetoka yote."

"Mdogo wangu anajua?"

"Mdogo wako anajua mawingu tu. Watoto hawajala tangu juzi, wifi. Washa mashine."

"Siwashi! Sisagi sumu, na sisagi shamba la mdogo wangu!"

"Basi nipe kikapu changu nikatwange nyumbani. Kinu hakina maswali."

Nilimwona shangazi amekwama. Akikataa, itatwangwa. Akikubali, yeye ndiye atakayekuwa ameisaga. Akaingia ndani, akatoka anaburuta gunia letu la mwisho, lile la kutufikisha mavuno. Nilitaka kusema neno, akanitazama, nikalimeza. Akapima kikapu kwa kikapu, akasaga, akampa wifi yake unga, akabaki na ile mbegu. Gunia lenyewe lilikuwa nusu tu. Sasa niliweza kulibeba kwa mkono mmoja. Nilikasirika, sikatai. Wanasema kutoa ni moyo, si utajiri. Sawa, lakini moyo hausagiki.

Ile mbegu hakuiuma. Nani aume sumu? Aliianika tena siku mbili, akaipeleka kwa mdogo wake, na ili kumsitiri wifi yake akatunga uongo. "Mkeo alinipa nimtunzie," alisema. "Kwenu panya wengi."

Mvua ilinyesha wiki hiyohiyo, tena mvua ya kueleweka. Baba mdogo alipanda shamba zima kwa siku mbili, watoto wakimfuata nyuma kufukia mashimo kwa nyayo. Shangazi naye alikwenda kusaidia, kwani mashineni hakukuwa na cha kusaga. Alirudi na matope mpaka magotini, anacheka. Usiku huo tuligawana kikombe cha uji, na hata mimi sikununa.

Siku ya nane, jirani aliyebakiza mbegu yake mwenyewe tayari alikuwa na mistari ya kijani. Kwa baba mdogo, udongo mtupu. Siku ya kumi tukaenda kuangalia. Shangazi alichuchumaa akafukua kwa kidole. Punje ilitoka laini, imeoza, inanuka. Akafukua ya pili, na ya tatu.

"Labda hizi ni za kuchelewa, dada," baba mdogo alisema. "Za serikali huwa zinachelewa." Akaenda kutafuta upande wa pili wa shamba, ameinama, akipitia mstari mmoja mmoja.

Shangazi akamgeukia wifi yake. "Uliziosha na maji gani?"

"Ya moto."

"Ya moto vipi?"

"Yanayochemka. Ya baridi hayakutoa wekundu."

Shangazi alifuta kidole kwenye gauni. "Nimekupa chakula changu cha mwisho, nikiamini naokoa shamba. Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungenipa unga?"

Nilidhani shangazi angemzaba kofi. Alimtazama tu mwanamke yule, mifupa ya mabega imemtoka, mtoto wa mwisho amemning'inia kwenye sketi.

"Nisingekupa," akasema.

Nilitafuta wa kumkasirikia nikamkosa, na sijawahi kujisikia mnyonge kama siku ile.

Kule upande wa pili baba mdogo akaita. "Dada! Njooni! Nimepata moja imechipua!"

Tukaenda mbio, sote. Alikuwa amepiga magoti, amekizungushia mikono kijani kimoja chembamba, asiruhusu hata upepo ukiguse. Miaka kumi na saba ya kambini ilikuwa imemsahaulisha mengi. Lilikuwa gugu, na hakuna kati yetu aliyeweza kumwambia.