Kwaya ya Nyuma ya Mlango

Watu wengi walioingia ukumbi ule wa maonyesho walimjua Mama Tochi kupitia viatu vyao wenyewe. Umekaa zako gizani, mchezo umenoga, wimbo unaoujua umeanza, na midomo yako, bila kukuomba ruhusa, inaufuata. Mara duara dogo la mwanga linatua juu ya viatu vyako. Halipandi usoni, haliyumbi. Linakaa pale pale kwenye kamba mpaka unyamaze, kisha linaondoka taratibu kwenda kutafuta viatu vingine.

"Usoni ni kumwaibisha mtu," alipenda kusema. "Viatuni ni kumkumbusha."

Kazi yake ilikuwa kuwaonyesha watu viti vyao, basi. Yeye lakini aliifanya kama mzazi anayelea watoto wasioisha. Kabla pazia halijafunguliwa alisimama mbele ya jukwaa na sare yake ya buluu, mikunjo ya pasi imesimama kama wembe, akapaza sauti: "Menyeni pipi!" Na ukumbi mzima ulimenya pipi. Wenye tai na wenye ndala, wote. Karatasi zilichakarika kama mvua inayoanza juu ya bati, ikazidi, ikapungua, ikakatika. Ndipo taa zilipozimwa. Aliyesahau kumenya yake aliishika mkononi hadi mapumziko, ikamyeyukia. Siku hizi sauti kutoka kwenye spika inawaambia watu wazime simu, na wanazizima, wengine. Lakini waliowahi kuisikia ile mvua ya karatasi bado wanaitaja, wakitaja wanatabasamu.

Mapumziko nayo yalikuwa mchezo wa pili. Watu walijazana nje ya ukumbi, vikombe vya chai mkononi, kila mtu hakimu. Kinyozi wa duka la ng'ambo ya barabara hakukosa.

"Mimi michezo hii ya kuimba inanishinda," alilalamika. "Mtu kaletewa habari baba yake mahututi. Badala ya kukimbia hospitali, anasimama katikati ya sebule anaimba! Beti zote! Mgonjwa si atakata roho?"

"Na kila Jumamosi unafuata nini hapa?" aliuliza fundi cherehani, dada mkubwa wa Mama Tochi, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni kama kawaida yake.

"Nakuja kuangalia kama leo atakimbia."

Watu walicheka hadi chai ikamwagika. Fundi cherehani hakumwachia. "Maneno yakimwishia mtu, anaimba. Kwani wewe huimbi ukinyoa? Mimi shida yangu ni huyu mdogo wangu na tochi yake. Wimbo ni wa watu wote. Tukikatazwa kuitikia, hapa tuko mchezoni au tuko kwenye mtihani?"

"Dada," Mama Tochi alijibu huku akiokota vikombe, "aliyenunua tiketi amelipia sauti ya mwimbaji. Ya kwako ataikuta bure kwenye cherehani."

Walibishana hivyo tangu wakiwa na nywele nyeusi. Hakuna aliyeshinda, na nadhani hakuna aliyetaka kushinda.

Mchezo uliorudiwa kuliko yote ulikuwa ule wa mwashi aliyemjengea binti yake nyumba, na binti akakua akataka kwenda zake mbali. Mama Tochi aliujua wote kwa moyo, isipokuwa mwisho wake. Wimbo wa mwisho ulipoanza, yeye alipaswa kutoka. Alipita katikati ya viti na viatu vyake vya soli ngumu, akausukuma mlango mkubwa wa mbao, ukagonga nyuma yake, naye akaenda kuvuta makomeo ya nje na kuwasha taa za koridoni. Kazi ikiisha, alirudi kwenye ule mlango, akaegemeza paji la uso kwenye mbao na kusikiliza.

Na kule ndani kulikuwa na kwaya! Sauti nene za wanaume, sauti za kina mama zikipanda juu yake, zikirudia kibwagizo: *Usifunge mlango, ninarudi.* Mbao zilitetemeka kwenye paji lake. Alijiuliza wanakaa wapi, maana nyuma ya jukwaa hajawahi kuona zaidi ya waigizaji wachache. Alidhani labda wanaletwa na gari, wanaimba, wanaondoka kwa mlango wa nyuma. Nyumbani aliwasifu mpaka wali ukapoa. "Wale ndio waimbaji," alimwambia dada yake. "Siku nikistaafu, nitanunua tiketi, nikae kama mtu, niione ile kwaya kwa macho." Dada yake alikuwa akiinamia sindano na kusema, "Ehee."

Alistaafu. Tochi akamkabidhi mrithi wake, mwanamke mrefu mpole aliyemfundisha mwenyewe, hata namna ya kuielekeza viatuni. Mchezo wa mwashi ukawa haujaonyeshwa siku nyingi. Halafu tangazo likabandikwa: umerudi, kwa alasiri hii moja tu, na baada ya hapo mapazia na mavazi yake yanauzwa. Mama Tochi alilisoma, akalisoma tena, akaenda moja kwa moja kwa fundi cherehani.

"Dada, ni leo au basi. Nisipoiona ile kwaya sasa, siioni tena."

Fundi cherehani alisimamisha mashine. Alitaka kusema kitu, ukaona kabisa kimefika mdomoni. Akakirudisha. "Haya. Ngoja nivae."

Mlangoni mrithi aliwapokea. "Shikamoo, mama. Leo wewe ni mgeni wetu." Aliwakalisha karibu na njia. Mama Tochi hakujua aweke wapi mikono yake. Alitoa pipi kwenye mkoba, akaimenya peke yake, taa zikiwa bado zinawaka, na kutoka safu za mbele akasikia karatasi nyingine ikichakarika, kisha nyingine huku, nyingine kule. Wazee wenzake. Hakuna aliyepaza sauti, lakini mvua ndogo ilinyesha.

Mchezo ulikwenda vizuri. Mwashi alikuwa mwigizaji yule yule, sasa hahitaji tena kupakwa mvi. Wimbo wa mwisho ulipoanza, mrithi alitoka kama alivyofundishwa na mlango ukagonga. Miguu ya Mama Tochi nayo ikanyanyuka yenyewe. Dada yake akamshika goti. "Kaa."

Akakaa. Binti alisimama kizingitini na sanduku lake, akaimba ubeti. Mama Tochi alikaza macho kwenye pazia la nyuma. Sasa litafunguka. Sasa. Kibwagizo kikafika, na sauti ya binti ikakiimba peke yake, nyembamba kama uzi. Pazia halikutikisika. Safu mbili mbele, kinyozi aligeuza shingo, akamwona Mama Tochi, akarudisha macho mbele haraka kama mwanafunzi aliyekamatwa anachungulia. Wengine nao wakageuka, wakarudisha macho mbele. Hata mwashi, kule jukwaani, aliutazama ukumbi kama mtu anayesubiri mgeni aliyechelewa.

"Dada, kwaya iko wapi?" Mama Tochi alinong'ona. Hakugundua kwamba ndiyo mara yake ya kwanza maishani kunong'ona mchezo ukiendelea. "Wamepunguza watu?"

"Mdogo wangu, haijawahi kuwepo."

"Nimeisikia kwa masikio yangu!"

"Umeisikia, ndiyo. Ni sisi. Mlango ukishagonga nyuma yako, tunaanza."

"Nyie? Wote?"

"Wote. Hata yule mwalimu wa hesabu anayejifanya amelala."

"Na miaka yote hiyo hamkuniambia!"

"Tukwambie ukae ndani na tochi yako? Halafu jinsi ulivyokuwa unaisifu..." Dada aliuvutavuta utepe wake. "Nani angekuwa na moyo wa kukuvunjia kwaya yako?"

 Mama Tochi alikumbuka baridi ya mbao kwenye paji lake. Kumbe alikuwa amewaegemea hawa hawa, watu aliowamulika viatu tangu ujana wao. Jukwaani binti alikuwa akimaliza ubeti wa pili. Umebaki mmoja.

Akasimama.

"Unakwenda wapi?" dada aliuliza.

"Kazini."

Alipita katikati ya viti bila haraka, soli zikigonga sakafu kama zamani, na vichwa vikamsindikiza. Akalipita pazia zito linaloufunika mlango kwa ndani. Akausukuma mlango, akauachia ujirudie kwa kishindo. Yeye mwenyewe hakutoka. Alibaki pale, kati ya pazia na mlango, amebana pumzi.

Alianza kinyozi. Yule yule asiyependa michezo ya kuimba! Wakampokea wanawake wa upande wa kulia, kisha safu za nyuma, kisha ukumbi wote. *Usifunge mlango, ninarudi.* Mama Tochi alilifungua pazia upana wa kiganja, akachungulia.

Hii ndiyo kwaya, basi. Vipara, vilemba, mabega yaliyoinama. Mwalimu wa hesabu amefumba macho, mkono unapiga mapigo hewani. Dada yake amesimama, utepe wa kupimia ungali shingoni, sauti yake imepinda kama siku zote. Juu ya jukwaa mwashi aliinuka kwenye kigoda, akauendea mlango wa ile nyumba aliyoijenga, akaung'oa kwenye bawaba, akaubeba mgongoni na kuondoka nao. Kumbe mwisho ndio huo! Mama Tochi aliziba mdomo kwa kiganja. Kisha kiganja kikashuka, na midomo yake, bila kumwomba ruhusa, ikaanza kuufuata wimbo.

Duara dogo la mwanga likatua juu ya viatu vyake.

Mrithi wake alikuwa amekisikia kile kishindo cha mlango akiwa koridoni, akaufungua taratibu atazame. "Samahani, mama," alinong'ona, akizuia kicheko. "Ndivyo ulivyonifundisha."

Mama Tochi alivitazama viatu vyake vinavyong'aa. Akainua uso.

"Umefanya vizuri sana, mwanangu. Sasa nenda kasimame nje. Hawa niachie mimi."

Mwanga ukaondoka. Mlango ukagonga tena, na Mama Tochi akakidaka kibwagizo, nyuma kidogo ya wenzake.