Kadii na Ufunguo wa Chumba Namba Saba

Inakaribia saa nane mchana. Kadii Mwambire amesimama nyuma ya kaunta ya mapokezi, uso mkunjufu, mikono imetulia, na hakuna anayeweza kujua kwamba amepungukiwa chumba.

Mbele yake wapo wazee wawili na sanduku moja. Mzee Musyoka, mwalimu mstaafu kutoka Kitui, anamwonyesha ujumbe wa malipo kwenye simu: chumba namba saba, ghorofa ya chini, siku tatu, kimelipiwa tangu miezi miwili iliyopita. Mkewe, Emily, ameegemea kaunta kwa sababu magoti yanamuuma. Ana miaka sitini na sita na hii ni mara yake ya kwanza kufika Malindi.

Ufunguo wa namba saba haupo kwenye msumari wake. Uko kwa Bi Shekha, shangazi wa mwenye hoteli, aliyewasili asubuhi kutoka Lamu kuja kwenye arusi ya ukoo.

Kadii anazunguka kaunta na kuwavutia wazee viti. "Karibuni, mwalimu. Karibu, mama. Kaeni kwanza. Nina neno la kuwaambia, na si neno la kuambiwa mtu akiwa amesimama."

Wakishakaa, anawaambia. Halaumu mtambo wa kompyuta, hausingizii umeme. "Chumba ni haki yenu, mmelipa. Tumempa mtu mwingine, na kosa ni letu. Naomba nusu saa."

Mwalimu Musyoka, aliyefundisha hisabati miaka thelathini na sita, anamtazama juu ya miwani. "Kwa nusu saa utakuwa umejenga kingine?"

Kadii anacheka, maana swali ni la haki. Kisha anachukua simu yake na kuanza kazi.

Ana miaka thelathini na minane. Alitoka kwao Ganze akaja hapa kupiga deki na kutandika vitanda, miaka minne mizima, kabla ya kupewa kaunta. Sasa ni mwaka wa saba yuko mapokezi. Mshahara wake ni shilingi elfu ishirini na sita kwa mwezi, na watoto wawili wako shuleni.

Hoteli ina vyumba kumi na vinane tu. Zipo hoteli zinazouza vyumba vingi kuliko vilivyopo, zikiomba Mungu mgeni mmoja aghairi safari. Hapa ugonjwa ni mwingine. "Sisi tunaugua jamaa," anasema Kadii. "Bosi akipigiwa simu na ndugu, husema karibu kabla hajauliza ni siku gani. Na haandiki. Ndugu ataandikwaje kama mteja?"

Zamani naye alikuwa akidanganya kama alivyofunzwa. Mgeni akikosa chumba aliambiwa mtambo umeharibika. Siku moja alimwambia hivyo mama mwenye mtoto mchanga, naye akatoka kwenye jua kali kuhangaika barabarani na mkoba na mtoto. Kesho yake mama yule alirudi. Hakutukana. Aliuliza tu kama mtambo umepata nafuu.

"Niliona haya hadi nikashindwa kumtazama," anasema Kadii. "Tangu siku ile mimi na mtambo tumeachana."

Wahudumu wa mapokezi wa mjini wana kundi lao kwenye simu, na huazimana vyumba kama majirani wanavyoazimana chumvi. Lakini leo ni Agosti, Jumamosi. Hoteli sita zinajibu kwamba zimejaa. Ya saba ina chumba kimoja, ghorofa ya tatu, kwa ngazi. Kadii anashukuru na kukikataa bila hata kumuuliza mgeni. Aliyaona magoti ya Mama Emily wakati anaingia mlangoni.

Anampigia Bwana Abdillahi, mwenye hoteli, aliye kwenye shughuli za arusi. Jibu linasikika mpaka kwenye viti.

"Kadii, shangazi asiguswe! Ukimtoa shangazi, na wewe umejitoa."

Hapo ndipo uso wake unapobadilika kidogo. Anaiweka simu chini taratibu. Kule mtaa wa Barani anajenga nyumba ya vyumba vitatu ambayo kuta zake zimefika kwenye linta, juu ya milango, na kila tofali limetoka kwenye kaunta hii.

"Niliogopa, nisiseme uongo," anakiri baadaye. "Lakini nikajiuliza, sote tunamwogopea Bi Shekha. Je, yupo aliyemuuliza?"

Anapiga hodi namba saba.

"Shikamoo, Bi Shekha."

"Marahaba, mwanangu. Pita ndani. Mbona uso huo?"

Kadii hamwambii ahame. Anamweleza tu kwamba chumba hiki kimelipiwa na wazee wawili, kwamba wamekaa hapo nje na sanduku lao, na kwamba alimkabidhi ufunguo asubuhi bila ujasiri wa kusema.

Bi Shekha anautazama msala wake ulio bado sakafuni. "Nimeswali adhuhuri hapa, nami nimo katika chumba cha watu? Abdillahi yuajua?"

"Anajua, Bi."

"Na wewe wajua, ukanyamaza tangu asubuhi?"

"Nilinyamaza. Nisamehe, Bi."

Mama mzima huyo anatwaa simu, na safari hii sauti inayosikika hadi mapokezi ni yake. "Wanilaza kitanda cha watu, Abdillahi, kwa umri huu? Kwa bibi arusi kuna mikeka na wanawake wenzangu, na huko ndiko nilikotaka kulala tangu mwanzo. Wewe ndiwe uliyenileta huku unionyeshe bahari. Bahari naijua, nimezaliwa nayo!"

Kumbe! Ukoo mzima ulimheshimu Bi Shekha kwa chumba ambacho hakukitaka. Yeye alikuja kupiga soga na kuimba na wenzake usiku kucha. Alikubali ufunguo kwa kuchelea kumvunjia mpwa wake heshima.

Anatoka na buibui lake na kikapu kimoja, anakwenda moja kwa moja kwa Emily. "Niwie radhi, dada yangu. Nimewasimamisha."

"Hatukusimama," anajibu Emily. "Tulipewa viti."

Shuka zinabadilishwa mbio mbio na ufunguo unakabidhiwa. Mwalimu Musyoka anatazama saa yake. "Umebakiza dakika nne," anasema, na kwa mara ya kwanza anatabasamu.

Saa kumi Bwana Abdillahi anaingia kwa kanzu ya arusi. Anasimama mbele ya kaunta na uso mkavu, kiasi cha Kadii kuanza kupanga moyoni jinsi atakavyowaambia wanawe. Mwishowe bosi anaomba kalamu.

"Shangazi ameamuru," anasema. "Kuanzia leo jamaa naye aandikwe. Nianzie ukurasa gani?"

Kadii anamfungulia daftari.

Jioni, kazi ikiisha, anapitia Barani kutazama ujenzi wake. Mwakani, akijaaliwa, ataezeka na kuanza kupokea wageni wake mwenyewe. Vyumba viwili vitakodishwa. Cha tatu, anasema, hatapokea malipo yake mapema hata kwa jamaa. Kitamngoja yule atakayefika Malindi na malipo yake kwenye simu lakini hana pa kulala.

Je, si hasara kuacha chumba kitupu mwezi wa Agosti?

"Hakitakuwa kitupu," anajibu bila kusita. "Miaka saba nimekaa kwenye kaunta. Huyo mtu namjua, na atakuja."

Anasukuma mlango wa mabati wa chumba hicho cha tatu. Hakina paa wala sakafu. Katikati, juu ya mchanga, chini ya turubai, kuna kiti kipya cha mgeni.