Mfuko wa Berbere na Mdomo wa Mashine

Kusaga berbere ni kazi ya watu wawili. Mmoja husimama juu akimimina pilipili kavu na viungo vyake kwenye mashine, mwenzake hukaa chini ameshika mfuko pale unga unapotokea, na macho hayabanduki. Chini asipokuwapo mtu, wenye mashine huchota unga wako, wakafidia uzito kwa vumbi la tofali. Rangi ni ileile, utajuaje?

Mama Askale, mjane niliyepanga chumba uani kwake hapa Dessie, alikuwa akienda kusaga na shoga yake Bizunesh. Kisha Bizunesh akahamia Adama kwa mwanawe. Askale akaenda peke yake. Mimi ningemshikia mfuko, lakini siku hizo nilikuwa safarini, maana miguu yangu haitulii.

Unga ule ulikuwa wa chama cha kuzikana cha mtaa, na miaka yote mtunza berbere wa chama ni yeye. Alipozikwa fundi viatu Getahun, tukakaa chini ya turubai, injera, mkate wetu mwembamba, ikaja na mchuzi. Meno yakaanza kulia kokoto.

"Huu mchuzi au ukuta?" akauliza mtu, watu wakacheka msibani.

Mama Etagu, mwenyekiti wa chama na jirani yetu wa ukuta mmoja, hakucheka. "Askale, umetulisha tofali mbele ya wafiwa."

"Haki ya Mariamu, sikutia kitu!"

"Basi limeota lenyewe?"

Nyumbani Askale akakoroga kijiko cha unga ule kwenye glasi ya maji. Tukangoja. Pilipili ikaelea, chini likatua tope jekundu.

"Nilikuwa juu namimina, Baba," akaniambia. "Mfuko ningeshika kwa miguu?"

Tangu siku ile majirani wakaacha kuja kunywa kahawa kwake. Na kahawa kwetu haichomwi kwa ajili ya mtu mmoja. Alikuwa akichoma, akifukiza ubani, akiita juu ya ukuta, na jibu halikuja. Alichotaka ni kimoja tu: geti lake lifunguliwe tena na majirani kama zamani.

Akanunua pilipili nyingine, akaianika, akaichambua mbegu kwa mbegu. Akaniomba nikashike mfuko. Wanawake wa kwenye mashine waliponiona nimechuchumaa pale chini, wakafurahi sana.

"Baba, umeolewa lini?"

"Jana. Mahari yangu ni chafya hizi."

Sikubandua macho hata nilipopiga chafya. Unga ukatoka safi, mwekundu wa kuiva, usiong'aa.

Msiba mwingine ulipotokea, Askale akabeba chungu cha unga hadi jikoni kwa chama. Mama Etagu akafunua, akachungulia.

"Mbona umefifia hivi?"

"Ndiyo rangi yake, Etagu. Unga unaong'aa ndio uliotiwa rangi. Tia huu majini uone."

"Dada, hapa tunapika, hatuchezi na maji. Tumeshanunua wa dukani." Akamrudishia chungu taratibu, bila ubaya. "Ukitaka, kuna vitunguu vya kumenya."

Akakaa akamenya. Nikamwona toka turubaini, na karibu yake hakukaa mtu. Mchuzi ulipoletwa ulikuwa mwekundu mpaka unaumiza macho, ukaacha doa vidoleni. Watu wakala, wakasifu. Mimi nilikula injera kavu.

Mchana ule tuliporudi akachoma kahawa. Akasimama ukutani, akaita, "Etagu! Kahawa iko tayari!"

Upande wa pili redio ikapunguzwa sauti. Tukasubiri. Halafu ikaongezwa tena.

Akamimina duru ya kwanza, tukanywa. Ya pili tukanywa. Vikombe vingine vilikuwa vimepangwa pale kwenye majani mabichi aliyotandaza, vikavu.

"Kunywa na ya tatu, Baba," akasema akiangalia geti. "Ya tatu ndiyo ya baraka."

Nikanywa. Yeye chake alikishika tu mpaka kikapoa.