Baba Yangu Hakufa kwa Ajili ya Biokemia

Siku ya kwanza kazini nilifika saa moja kasorobo asubuhi, na mkubwa wangu alikuwa ameshafika. Ilikuwa zahanati ya vyumba vitatu upande wa Mbekenyera, Ruangwa, na mkubwa mwenyewe alikuwa Mganga Msaidizi, mzee wa Kiyao mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta ya vidonda. Nilimwamkia, nikampa barua ya ajira iliyosema mimi ni Somoe Selemani, tabibu, mhitimu wa stashahada ya miaka mitatu. Hakuisoma. Alinipa fetoskopu, kile kipembe cha mbao tunachoweka juu ya tumbo la mjamzito kusikiliza moyo wa mtoto.

"Chumba cha pili kuna mama," akasema. "Kasikilize, uje uniambie."

Nilikwenda, nikarudi. "Mapigo mia moja na arobaini, Mzee. Lakini kichwa hakijashuka."

"Kwa hiyo?"

"Nampa rufaa, aende hospitali."

"Haya. Na hiyo rufaa umeibeba kwenye mfuko gani?"

Gari halikuwepo. Tulimfunga yule mama kwenye kitanda cha kamba, kitanda kikafungwa juu ya baiskeli mbili, na wanaume wanne wakazisukuma hadi barabara kubwa kungoja lori la ufuta. Alifika salama. Mimi nilirudi ndani kuandika jina lake kwenye rejesta.

Ninyi vijana mnaoingia kazini leo mkikuta gari la wagonjwa na simu mfukoni, nataka mwelewe tabibu alikuwa nani. Tabibu anapima, anaandika dawa, anashona jeraha, anazalisha. Tumbo hafungui. Nilipomaliza miaka mitatu pale, nilikuwa najua kwa vidole vyangu, hata kabla ya kuchora partografu, yaani ile chati ya kufuata mwendo wa uchungu, kwamba mtoto huyu hatatoka bila kisu. Kujua nilijua. Kisu hakikuwa changu.

Kisha akaja mama mmoja wa Kimakonde, mimba ya nne, mtoto amekingama tumboni. Tulimbeba. Alifia njiani, pembeni ya shamba la mikorosho, na mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Mume wake aliniuliza, "Tabibu, hapa kilichokosekana ni nini?" Nikamwambia ukweli: kilichokosekana ni mtu wa kupasua. Wiki ile ile niliandika kuomba fomu ya kusoma udaktari.

Sasa tuje kwenye cheti changu, maana huko ndiko balaa lilikolala. Masomo yangu mengi yalikuwa B, na ya wodini yalikuwa A. Lakini mwaka wa pili kulikuwa na D mbili: Famakolojia, ambalo ni somo la dawa na kazi yake mwilini, na Biokemia, ambalo ni kemia ya mwili wenyewe, jinsi chakula kinavyogeuka nguvu. Mkufunzi aliujaza ubao mishale kutoka kona hadi kona, akaufuta, akaujaza tena. Sikuelewa. Wenzangu waliitikia kwa vichwa, nami nikaona haya kuuliza nikaitikia pia. Ndiyo sababu yote hiyo, hakuna nyingine. Sikuugua, sikufiwa, sikukosa ada.

Ombi la kwanza lilijibiwa kwa mstari mmoja: alama hazitoshi. Sawa, nikasema, basi nitasoma. Nilinunua kitabu cha biokemia kilichochakaa, nikawa nakisoma mchana zahanati ikishatulia, ukurasa mmoja naurudia hata mara kumi. Mganga Msaidizi alikuwa akipita ananitania, "Bado unapigana na mishale?" Nilipigana nayo miaka minne. Ilifika mahali nikaweza kumweleza mkunga wetu kwa Kiswahili cha kawaida kwa nini mgonjwa wa kisukari ananuka matunda mdomoni, na akaelewa. Jamani, furaha niliyoipata siku hiyo!

Nilihamishiwa kituo cha afya ambacho jina lake nalihifadhi. Mkubwa wangu mpya alikuwa Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa kituo. Alikuwa mtu mkarimu, mcheshi, anajua kazi yake, na ndiye aliyeniharibia. Fomu ya mwaka ule ilikuwa na sehemu mpya: mwombaji mwenye alama ndogo aeleze sababu. Nikampelekea maelezo yangu ayasome.

Alisoma, akavua miwani. "Somoe, umeandika hukuelewa?"

"Ndiyo, Mganga. Sikuelewa, halafu nikajifunza. Nimeomba waniulize swali lolote."

"Binti yangu, watu hawaandiki hivyo. Andika ulifiwa."

"Nilifiwa na nani?"

"Na mzazi. Wote wanaandika mzazi."

"Wazazi wangu wote wazima. Baba yuko shambani anapalilia."

"Basi baba. Kamati haitakuja kwenu kuhesabu watu."

Nilicheka nikidhani ananitania kama kawaida yake. Fomu niliijaza vilevile nilivyotaka, nikamwachia karatasi ya maoni ya mwajiri, ambayo mkuu anaijaza mwenyewe na kuituma kwenye bahasha iliyofungwa, mwombaji haioni.

Nafasi nikapata. Barua ilikuja na muhuri wa chuo kikuu kimoja cha Dar es Salaam, na niliifungua nimesimama uani penye kamba ya kuanikia mashuka. Nilipiga kelele hadi wauguzi wakatoka mbio. Kisha nikafika aya ya pili. Kamati ilikuwa imezingatia, kwa masikitiko, kifo cha baba yangu mzazi kilichotokea nikiwa mwaka wa pili wa stashahada.

Nilimkuta Mfawidhi ofisini. "Mganga, umemuua baba yangu?"

"Punguza sauti. Nimekusaidia."

"Nilikuomba?"

"Somoe, nafasi umepata. Mzee yuko kijijini, hatajua. Wewe nenda kasome, rudi uokoe akina mama. Hilo si ndilo unalolitaka?"

Nalo lilikuwa kweli, ndiyo maana liliniuma. Nilikaa na ile barua siku mbili. Sitajifanya mtakatifu hapa: nilishaanza kupanga nguo. Nilimfikiria yule mama wa shamba la mikorosho, nikajiambia uongo wenyewe si wangu, mimi nimesema kweli yangu, mengine ni ya waliosema. Lakini kila nilipojiona darasani, nilijiona nakwepa swali la baba yako yuko wapi, kwa miaka mitano yote. Na likizo je? Ningekwenda nyumbani kumtembelea marehemu?

Siku ya tatu nikapanda gari la Nachingwea. Kwetu ni mbele ya Naipingo, unashuka barabarani unatembea. Nilimkuta baba, Mzee Selemani, amekaa kivulini ananoa panga. Nikamweleza yote. Alisikiliza bila kuacha kunoa.

"Nimekufa lini?" akauliza.

"Nikiwa mwaka wa pili, Baba."

"Mbona hamkunizika?"

Mama alianza kucheka, kisha akalia. Baba hakucheka. Alisema maneno mengi ya Kimwera ambayo siyaandiki hapa, halafu kwa Kiswahili, polepole, kama anavyosema na watu wa ofisini: "Mimi sina elimu, lakini kifo changu ni changu. Hakuna mtu wa kukitumia bila kuniuliza. Twende huko."

Tulisafiri siku mbili. Ofisi ya udahili, yaani ya kupokea wanafunzi, ilikuwa na Msajili, mwanamke wa makamo aliyevaa vizuri, ambaye alitupokea kwa heshima. Aliangalia faili langu, akaanza, "Pole sana, dada, kwa kuondokewa na..."

Baba alisimama na kanzu yake ya Ijumaa, akaweka kadi yake ya kupigia kura juu ya meza. "Marehemu ni mimi," akasema.

Msajili alimtazama, akaitazama kadi, akamtazama tena. "Mzee, karibu ukae."

"Ahsante, nimekaa kwenye basi sana."

Nilieleza kila kitu. Nilisema maelezo yangu yamo humo humo kwenye faili, ya kweli, yasomwe. Akayatafuta, akayasoma, na niliona yamemgusa. Alituacha tukamsubiri kama saa nzima. Aliporudi alikuwa na karatasi mkononi na macho yake hayakutaka kukutana na yangu.

"Kamati ilikupa nafasi kwa kuzingatia msiba," akasema. "Kama msiba haupo, na nafasi haipo."

"Niulizeni Biokemia. Sasa hivi, hapa hapa. Mwiteni profesa yeyote."

"Hatuna utaratibu huo."

"Kwa hiyo mwenye D na baba aliyekufa anafaa, na mwenye D ileile na baba aliye hai hafai?"

"Dada, mimi natekeleza maamuzi." Kisha akashusha sauti, na kwa nia njema kabisa akaniuliza, "Lakini kwa nini hukunyamaza tu?"

Hasira iliyonipanda pale haijashuka mpaka leo ninapoandika. Sikukasirikia D zangu, hizo nilizichuma mwenyewe. Nilikasirika kwamba mtu mzima aliyekiri ujinga wake na kuufanyia kazi miaka minne hakuwa na kisanduku kwenye ile fomu, ila mwongo alikuwa nacho. Hawakutaka kujua kama naweza. Walitaka waone huruma, na baba yangu akawanyima kwa kosa la kupumua!

Kwenye basi la kurudi, tulipovuka Rufiji, baba aliniita. Alikuwa ameishika kofia yake mapajani.

"Somoe."

"Abee, Baba."

"Ningejua watakunyima, ningebaki nimekufa."

Nilimwambia asiseme hivyo. Lakini najua alimaanisha.

Yaliyofuata ni mafupi. Mganga Mfawidhi aliona nimemwaibisha, na miezi haikupita mingi nikapata uhamisho kwenda zahanati moja upande wa Mtua. Niliomba tena mara mbili, mara zote kwa maelezo yaleyale ya kweli, na mara zote jibu likawa mstari mmoja. Baadaye nikawa na watoto, na Katibu wa Afya, msimamizi wa watumishi wa idara yetu, akaniambia waziwazi kwamba ruhusa ya masomo ni ya vijana. Nikabaki na rufaa zangu. Nyingi zilifika. Mbili hazikufika, na majina ya akina mama hao wawili ninayo kichwani. Kuna siku najiuliza kama ningenyamaza wangekuwa hai. Atakayeniambia nilifanya vizuri bila kuyataja majina hayo mawili, simsikilizi.

Baba alifariki miaka michache kabla sijastaafu, asubuhi, kwa shinikizo la damu. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfumba macho. Kwetu mazishi hayangoji, basi niliomba ruhusa ya msiba kwa simu, na karani wa masjala, ofisi ya kutunza mafaili, akasema nisubiri. Alirudi kwenye simu anasitasita.

"Mama, humu kwenye faili baba yako alishafariki. Kuna nakala ya maoni ya mwajiri."

"Ile ni uongo."

"Ina muhuri, Mama. Siwezi kuandika afe mara mbili. Labda niandike ni baba mdogo?"

Nilikata simu, nikaenda kumzika baba yangu. Nilikaa matanga siku saba, na niliporudi nilikuta barua ya Afisa Utumishi ikinitaka nijieleze kwa nini nisichukuliwe hatua kwa utoro kazini. Watu wa zahanati walinishauri niandike kwa unyenyekevu, niombe radhi, niwe na maneno mengi. Nilichukua kalamu nikaandika mstari mmoja, maana majibu ya mstari mmoja nilikuwa nimeyazoea.

"Baba yangu amefariki kwa mara ya kwanza."

Nilisaini, nikagonga muhuri wa zahanati, nikaipeleka kwa mkono wangu hadi mezani kwake. Aliisoma mbele yangu. Akauliza kama natania, nikamwambia afungue faili asome toka mwanzo. Alilisoma lote nimesimama. Alipomaliza alisema tu, "Pole, Mama," nami nikageuka nikarudi zahanati.

Nimestaafu nikiwa tabibu, kama nilivyoanza. Naishi Nachingwea mjini, na matabibu vijana huja na fomu zao niwasaidie, wengi wana D zao kama nilizokuwa nazo mimi. Nawafundisha Biokemia bure, mishale yote, barazani kwangu. Wakifika kwenye kisanduku cha sababu wengi huniuliza waandike nini, na juzi mmoja, binti mwenye akili kweli kweli, aliniuliza kwa sauti ndogo kama aandike mama yake amekufa.

Nilimwambia ampigie mama yake simu kwanza, amwombe ruhusa.

Aliishika simu muda mrefu. Kisha akairudisha mkobani, akaniomba kalamu, na akaandika kwamba hakuelewa.