Mistari Minne Mabegani

Nyuma ya mlango wangu hapa mtaani Kianda kuna shati jeupe limening'inia, na mgeni akiliulizia mimi husikia chai ikifurika hata kama jiko halijawashwa. Lakini nyinyi ni watu wangu, na afadhali msikie kisa chake kwangu kuliko kwa Senje Robai, kwa maana yeye akikisimulia husimama katikati ya nyumba akaonyesha vile nilianguka.

Kwanza mnijue. Mimi ni fundi wa nguo na mtu wa nyumbani kabisa, mtu wa kumaliza wiki bila kufika hata stendi ya Olympic hapo, cherehani yangu iko mlangoni na dunia inapita juu. Nasema juu kwa sababu ndege zikielekea kutua kwa ule uwanja mdogo zinapita karibu na mabati yetu, na tangu nimalize Form Four nimekuwa nikiziandika kwa daftari: saa, rangi, herufi za ubavuni, kama ina injini mbili ama ni ile ya panga moja puani. Nina darubini ya jicho moja (lile lingine lilipasuka, lakini ndege hupita moja moja kwa hivyo linatosha). Siku hizi hata siinui kichwa, nasikia mlio nikiwa napiga pindo naambia mteja hiyo ni Caravan, ile ya panga moja, na leo imebeba mzigo. Majirani wa ploti wananiita Mnara, kama ule wa kuongozea ndege. Na kupanda ndege? Sijawahi. Hata kuigusa sikuwa nimewahi.

Sasa, kulikuwa na Nafula. Nafula ni msusi kule Kawangware, alikuja kupunguziwa sketi akarudi kupunguziwa nyingine, mpaka nikashuku kwamba hizo sketi hazikuwa ndefu. Tukafika mahali pa kuambiana ukweli, na ukweli wake ulikuwa kwamba kwao hakuna mwanaume anaingia kabla Senje Robai hajamwona. Senje ni shangazi, dada ya baba yake, anakaa Riruta, na wawili walishafukuzwa, mmoja kwa ulevi na mwingine kwa kudanganya kuhusu kazi anayofanya. Niliitwa Riruta mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa na sare za kwaya, mara ya pili mvua, mara ya tatu nikasema cherehani ni mgonjwa.

Basi kukatangazwa maonyesho ya ndege kwa ule uwanja, watu waingie, waguse, wapige picha. Nafula akaniambia, "Riruta imekushinda. Hata ndege zitakushinda? Nitamleta Senje huko huko." Nikajua hiyo ndiyo nafasi ya mwisho.

Nikaamua kushona shati jipya, jeupe, lenye vile vikanda vya mabegani kama vya marubani, mapenzi tu, si unajua shabiki wa mpira akienda uwanjani huvaa jezi na hakuna anayempa mpira acheze. Nikapiga mstari mmoja wa dhahabu kila bega, utepe niliotoa kwa zile sare za kwaya. Ilikuwa iishie hapo. Lakini utepe ulibaki kipande, na fundi aliyefundishwa na mama yangu hatupi kipande. Nikaongeza wa pili. Ukabaki tena. Kufika saa ya kuzima redio bega lilikuwa na mistari minne, na mimi mwenyewe, Mnara mzima, nilijua vizuri kwamba mistari minne ni ya kapteni wa ndege. Nikajiambia nani atahesabu.

Askari wa getini alihesabu. Tulikuwa tumejiunga na foleni iliyofika karibu na zile ghorofa za Nyayo Highrise, jua kali, Senje ana magoti mabaya na mkoba mzito, na huyo askari akaniona kwa mbali, akapiga saluti, akafungua kageti ka kando. Senje akamwangalia Nafula. "Si ulisema ni fundi?" Nafula akaniangalia mimi. Nami nikaangalia yale magoti, nikasema moyoni wacha mama akae kwanza kivulini, nitaeleza tukiwa ndani.

Ndani sikupata hata pumzi ya kueleza. Mama mmoja wa maandalizi, wa fulana ya manjano na redio ya mkononi, alinishika mkono akasema rubani aliyefaa kuelezea watu ile ndege ya mwisho amechelewa, na foleni inanung'unika, Kapteni tusaidie dakika kumi tu. Nikafungua mdomo niseme hapana. Halafu nikaiona. Ilikuwa Caravan, nyeupe, yenye mstari wa buluu, na herufi zake ziko kwa daftari langu mara thelathini na kitu. Jamani, kama umemsalimia mtu kwa dirisha miaka na miaka, halafu siku moja afungue mlango aseme karibu, wewe ungesema hapana?

Nikapanda kiti cha rubani. Senje akasema kama ni kueleza, yeye ataelezwa akiwa amekaa, akasukumwa na watu wawili mpaka kiti cha pili, mkoba kwa mapaja. Nafula akabaki chini na ile foleni. Nikavaa vile vifaa vya masikioni ndio nikamilike.

Na nilieleza! Hapo siwezi kujidharau. Nilisema hii saa inapima kimo, hii mwendo, hapa ndipo unavuta pua juu, nikaeleza kwa nini panga linageuza makali, yote niliyosoma miaka mingi nikipiga pasi, na watu chini wakatulia wakasikiliza, hata yule mama wa redio. Senje aliuliza choo kiko wapi. Nilikuwa na raha ambayo sijawahi kuipata nje ya nyumba yangu.

Ndipo ndege yetu ikaanza kwenda.

Niliona kwa dirisha la kushoto. Ubavu wa ndege jirani ulikuwa unarudi nyuma pole pole, maana yake sisi tunaenda mbele, na mbele kuna hema lenye watu wanakunywa soda. Nikakanyaga kila kitu kilichokanyagika. Haikusimama. Sikumbuki nikifungua mlango, nakumbuka tu nikiwa hewani nikipiga kelele, "Inaenda! Senje, ruka!" Waya wa masikioni ukanivuta shingo, bega likanasa kwa mshikio wa mlango, shati likapasuka kutoka kola mpaka kiunoni, nikabaki nikining'inia kwa lile bega kama nguo kwa kamba. (Kitambaa ndicho kilipasuka, wandugu. Mistari minne haikuachia hata uzi mmoja.)

Nikaangalia chini. Magurudumu yetu yalikuwa yamezuiwa na vigingi vya mbao, mbele na nyuma, na hayakuwa yamesonga hata upana wa kidole. Ni ndege jirani iliyokuwa ikivutwa nyuma na trekta. Na juu, kwa kiti cha pili, Senje Robai alikuwa amekaa vile vile, mkoba kwa mapaja, akinitazama kama mtu anayetazama mandazi yakiungua.

Rubani wa kweli ndiye alininasua. Alikuwa dada mdogo mwenye mistari mitatu. Akaangalia bega langu, akaangalia lake. "Basi wewe ndiye mkubwa wangu," akasema, na foleni yote ikavunjika mbavu. Hapo nikasema ukweli, kwa sauti, kwa wote: mimi si kapteni wa kitu chochote, ni fundi wa nguo Kianda, utepe ulibaki.

Nafula alikuwa ameziba uso. Nikajua yamekwisha, huyu wa tatu amefukuzwa mbele ya umati. Senje akateremshwa, akanyoosha leso yake, akanijia polepole.

"Uliniacha ndani," akasema.

"Lakini Senje, nilikuambia uruke."

"Uliniambia ukiwa tayari uko nje."

Akanizunguka, akalishika lile bega, akavuta mstari mmoja kwa kucha, akavuta tena kwa nguvu. Haukutoka. "Kazi ya mkono wako?" Nikasema ndiyo. Akamgeukia Nafula. "Huyu ni fundi kweli. Na uongo haujui, umemshinda kabla ya saa moja. Yule mwingine alitudanganya miaka miwili." Halafu kwangu: "Utakuja Riruta Jumapili. Na hilo shati."

Nilienda, kwa miguu yangu, shati limeshonwa, mistari minne imebaki kwa amri ya Senje. Wajomba wote wa Nafula walisimama wima, mmoja akaniuliza kama chai inywewe kabla ya kupaa ama baadaye. Nilikunywa vikombe vitatu.

Sasa nimejifunza: utepe ukibaki, nautupa, mama yangu anisamehe. Na jioni bado naandika ndege mlangoni, tofauti ni kwamba Nafula, sasa mke wangu, hukaa kwa kiti cha pili akisuka mtu, na mlio ukipita juu ya mabati yeye hainui kichwa, huuliza tu, "Baba, hiyo inaenda ama ni ya jirani?"