Batasiya na Wawili wa Bwawani

Batasiya alikuwa mke wa kaka yangu Dhaniram, na tuliishi ua mmoja tangu alipoolewa. Kila asubuhi alishuka bwawani kuwamwagia maji mungu Shiva na mkewe Parvati, wale wa jiwe, walioketi wamekumbatiana tangu enzi za wafalme ambao hakuna kijijini anayewajua majina. Uso wa Parvati ulikuwa umelika kwa viganja vya wanawake walioupaka unga mwekundu, kila mmoja akimwombea mumewe uhai.

Kisha wezi wakajaribu kuling'oa jiwe lile. Serikali ikaja na lori, ikalipeleka makumbusho ya mjini, tukaambiwa huko litakuwa salama. Mwaka huohuo Dhaniram akaanza kutema damu. Alikuwa amepasua mawe machimboni tangu ujana, na daktari alisema mapafu yamejaa vumbi, dawa hakuna.

Batasiya hakukubali. Alifunga kula mpaka akawa anayumba akitembea. Mwishowe akaniambia, "Wifi, kaa naye leo badala yangu. Naenda kuwaona wale wawili."

Yaliyompata huko alinisimulia mwenyewe. Aliwakuta ukumbini nyuma ya kamba, wamesuguliwa mpaka unga wote ukatoka, nusura asiwatambue. Akapita chini ya kamba, akampaka Parvati unga kwenye paji la uso, akamkumbatia miguu. Mlinzi akamvuta.

"Mama, hapa si hekaluni. Unaharibu mali ya serikali."

"Kaka, mume wangu anakufa. Niache nimalize kuomba, halafu nifunge unakotaka."

Hakuachwa amalize. Walimfungia katika chumba cha walinzi, na basi la mwisho likaondoka bila yeye. Dhaniram alikata roho jua likizama, mikononi mwangu, akiuliza kama Batasiya amefika. Alipofika asubuhi, wanaume walikuwa wanarudi kutoka kuuchoma mwili wa mumewe, kama ilivyo desturi yetu. Wanawake wakamvunjia bangili palepale mlangoni, maana mjane havai bangili.

Habari za kukamatwa kwake zilienea. Wanawake wa kijiji wakaenda kulalamika, wakarudi tena na tena, mpaka mkuu wa makumbusho akaturuhusu kuingia kuomba siku moja kila mwaka. Siku ya kwanza Batasiya alikuja nasi, amevaa sari nyeupe ya ujane. Mlangoni Sukhrani, mke wa mkuu wa kijiji, akamzuia.

"Mdogo wangu, usikasirike. Ombi hili ni la wenye waume. Utatuletea mkosi."

"Mlango huu umefunguliwa kwa ajili yangu."

"Tunajua. Ndiyo maana tumekupakia kwenye trekta letu."

Wengine wakatazama chini, kisha wakaingia. Batasiya akaketi ngazini kando ya viatu vyao, nami nikabaki naye. Tuliwasikia wakiimba ndani. Akaniuliza kama kweli Dhaniram alimwulizia. Nikamwambia aliuliza mpaka pumzi ilipomwishia.

"Na mimi nilikuwa nimeshikilia miguu ya jiwe," akasema.

Akajifunika uso kwa ncha ya sari.