Anataka Kunioa, Ila Kaseti Zangu za Hevi Metali Zibaki Rahaleo

Admin, shikamoo kama umenizidi, na kama wewe ni mdogo wangu basi marahaba. Jina langu lifiche, ingawa wa Rahaleo watanitambua tu, maana mwanamke anayeshona nguo huku anasikiliza hevi metali mtaa mzima ni mimi peke yangu.

Nina miaka arobaini na saba, ni mtalaka, nashonea barazani kwangu. Huu muziki nimeanza nao nikiwa binti. Mjomba wangu wa upande wa Msumbiji alivuka mpaka pale Kilambo kuja kutusalimia akiwa na begi la kaseti, akaondoka akaziacha. Wenzangu walikuwa wanalilia nyimbo za mapenzi, mimi nikanasa kwenye magitaa yanayokwaruza na mtu anayenguruma. Waliosema ile ni sauti ya shetani ndio hao hao waliokuwa wa kwanza kwenda kuangalia mapiko, ngoma yetu ya vinyago, wakikimbizwa na kinyago huku wanacheka. Sikuwahi kuwaelewa, na sasa nimeacha kujaribu.

Cherehani yangu ni ya kukanyaga, na miguu yangu imejifunza kazi kwa ngoma za zile kaseti. Yule mpigaji alikuwa mtu. Akipandwa na mori anakwenda mbio, akichoka unasikia kabisa kwamba kachoka, nami nachoka naye, tunapumzika kwenye gitaa, tunaanza tena. Mimi naona hicho ndicho kilichoharibika. Nyimbo za sasa ngoma zinanyooshwa kwa kompyuta, haziharakishi wala hazichelewi. Nimejaribu kushona nazo, miguu ikakataa. Halafu mwimbaji ananguruma kidogo, anakumbuka kuna watu hawapendi, anaanza kubembeleza kama yuko harusini. Vijana wananiletea fulana za mitumba zenye majina ya bendi nizipunguze, ukiwauliza ni bendi gani wanasema ni urembo tu.

Sasa huyu mwanaume. Nimwite Baba Zuhura. Ameondokewa na mkewe, anauza vipuri vya baiskeli Magomeni. Ni mpole, na nikiongea ananisikiliza, kitu ambacho mume wangu wa kwanza hakuwahi kukijaribu. Nampenda, nasema wazi. Alipoleta posa wazee wangu wakaipokea vizuri. Baada ya hapo akaja barazani na dada yake, mkononi kashika spika ndogo mpya.

"Fundi, nimekaa nikausoma muziki wako," akasema. "Nimekutafutia wa kisasa. Huu hata mimi nauweza."

Akaweka wimbo. Kweli ulikuwa hevi metali, ya siku hizi. Nikausikiliza mpaka mwisho kwa heshima.

"Unauonaje?"

"Huu umeogeshwa ukapakwa poda," nikamjibu.

Dada yake akacheka. Yeye hakucheka.

"Mimi nimejitahidi," akasema taratibu. "Muziki sijakukataza. Chukua huu mpya, zile kaseti ziache huku huku Rahaleo. Nyumbani kuna mama, ana presha."

Hapo ndipo nilipoumia. Angekuja kwa ubabe ningemjibu papo hapo, hayo nimeshayazoea. Huyu kaja na zawadi. Kahangaika kwa ajili yangu, halafu kati ya vyote akachagua kile kile kinachonifanya nijione nimeibiwa. Nikamwambia nitasikiliza kwa sauti ya chini, chumbani, mlango nimefunga, mama asisikie kitu.

"Si mama tu," akasema. "Watu watasema nimeoa mwanamke wa namna gani?"

"Hao watu nguo zao za Idi nimezishona mimi," nikamwambia, "na nilizishona kwa muziki huo huo. Hakuna aliyerudisha."

Akaaga. Spika kaiacha juu ya meza yangu ya kukatia, na jibu kasema atalifuata Ijumaa baada ya swala.

Shangazi yangu anayenilea mpaka leo kama mtoto hanielewi kabisa. "We mwana, mwanamume wa kukuletea spika utampata wapi tena? Hizo kaseti zifukie huko, uolewe." Anasema kwa mapenzi, najua. Lakini nimeshaolewa mara moja nikiwa nimejipunguza kama zile fulana za mitumba, na ile ndoa haikudumu. Ndani ya miaka yote ya upweke baada ya talaka, kilichonitoa kitandani asubuhi ni cherehani na zile kaseti. Mwanaume anayenitaka mimi anataka nani hasa, kama hivyo vibaki nyuma?

Nishaurini, nifanye nini? Nimkatae mtu mwema, nirudi kulala peke yangu? Au Ijumaa akifika anikute nimefunga mizigo, kaseti nimeziweka juu kabisa, halafu nione kama atazinyanyua au ataziruka? Mlioolewa semeni, mlioachika semeni. Ila wa kuniambia nizoee huo muziki mpya asijisumbue kuandika, miguu yangu imeshajibu.